Mtandao, Daraja la Tatu

Tangazo lilisomwa mara tatu: kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na mara ya tatu kwa Kiswahili tena lakini polepole, ili wazee walielewe. Kwamba kuanzia tarehe mosi Machi, mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na tisa, tarafa ya Manga imeingia rasmi katika soko la fedha la dunia. Kwamba mwananchi wa Manga hana haja tena ya kuficha pesa ndani ya godoro wala kuzigeuza ng'ombe, kwa kuwa godoro huliwa na panya na ng'ombe huliwa na wakwe. Kwamba pesa sasa zitanunua vipande katika mfuko wa uwekezaji ulioko Nairobi, zitavinunua kwa kompyuta, na zitazaa humohumo ndani ya kompyuta bila kudai nyasi wala chumvi.

Aliyesoma alikuwa Bwana Ombui, Mratibu wa Tarafa wa Mpango wa Uwekezaji kwa Kompyuta Mashinani. Cheo hicho kilipoandikwa kwa rangi kilimaliza mlango wa ofisi, kikamalizikia ukutani.

Watu walipiga makofi. Mzee Manasseh akainua fimbo akauliza kama hiyo kompyuta inatumia stima. Akajibiwa kwamba inatumia. Akauliza kama stima imefika Manga. Akajibiwa kwamba swali hilo ni la wizara nyingine.

Mokeira alikuwa amesimama nyuma kabisa, kikapu cha majani ya chai mgongoni. Alimaliza darasa la nane miaka mitano iliyopita, na tangu hapo alikuwa akichuma chai ya watu na kutazama mambo. Wiki hiyohiyo alisikia kuna kazi ofisini, akaenda. Bwana Ombui alimuuliza maswali matatu. Unajua kusoma? Unaogopa mbwa? Kutoka hapa mpaka Kisii mjini, kwa njia ya kuteremka mlima, ni muda gani?

"Nikishuka, saa mbili," Mokeira alisema. "Nikipanda, inategemea nimebeba nini."

Bwana Ombui aliandika kwenye fomu: *Kasi, ya kuridhisha.* Siku ya tatu Mokeira akapokea barua ya kuajiriwa. Cheo: Mtandao, Daraja la Tatu (Kibarua).

Mambo yalikuwa wazi ukiyaelezwa vizuri. Kompyuta ya Manga haikuwa na stima wala laini ya simu. Kompyuta ya duka la Yashwant, Kisii mjini, ilikuwa na vyote viwili. Kilichokosekana ni kitu cha kuziunganisha, na waraka wa makao makuu ulisema kabisa kwamba kinachounganisha kompyuta mbili huitwa mtandao. Mokeira aliusoma waraka huo mara mbili. Hakuona kosa.

Basi kila asubuhi Mtandao aliwasili saa moja kasoro robo, akafagia, akaondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akaipangusa vumbi, kisha akabandika kwenye kioo chake karatasi yenye bei ya kipande kimoja cha mfuko. Wananchi walipiga foleni kuitazama. Wengi wao hawakuwa wamewekeza hata ndururu. Walikuja tu kuona, wakitoka kupeleka majani kituoni, na katika ripoti za Bwana Ombui waliitwa wawekezaji watarajiwa. Bei yenyewe ilikuwa ya jana. Mvua ikinyesha, ilikuwa ya juzi. Wakati wa masika Mtandao aliwahi kuteleza pale penye mawe, akalala kwa shangazi yake siku mbili na kifundo cha mguu kilichovimba, na bei ikakaa palepale ilipo siku nne. Bwana Ombui aliandikia Nairobi kwamba bei ya Manga ni tulivu kuliko ya Nairobi, na Nairobi wakamjibu kwa hongera.

Huko mjini, kazi ilikuwa ya Swati, binti wa Yashwant. Duka la Yashwant liliuza madaftari, betri, sufuria na kandili, na kwenye kona ya nyuma, kati ya sufuria kubwa na ndoo, ndiko lilikokuwa soko la fedha la dunia. Swati alizaliwa Kisii, alisalimia wateja kwa Ekegusii, na aliichukulia kompyuta kama mbuzi mkaidi. Ikipiga yale makelele yake ya kutafuta laini, alizungumza nayo polepole mpaka ikubali. Yashwant akiwa anaongea kwa simu na dada yake Urmila wa Nakuru, laini haikupatikana, na soko la dunia lilifungwa mpaka Urmila amalize habari za arusi.

"Mwambie bosi wako," Swati alimwambia Mokeira siku moja, "mfuko huu anaweza kuununua yeye mwenyewe hapa kwa dakika kumi. Kwa nini unatembea?"

Mokeira alifikiria. "Nikiacha kutembea, yeye atasimamia nini?"

Swati alicheka mpaka baba yake akauliza kuna nini.

Walioweka pesa kweli, ukimwondoa Bwana Ombui mwenyewe, walikuwa kikundi kimoja tu: wanawake kumi na wawili wa egesangio, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Siku za Jumapili walikodiwa na wenye chai kubwa, na ujira haukugawanywa. Miaka mitatu waliuweka kwenye mkebe. Baada ya tangazo la Machi, mkebe ulimwagwa, na pesa zikashuka mlima kifuani mwa Mokeira. Walikubali kwa sababu aliyezibeba ni yeye, mtoto wao. Mama yake mwenyewe, Esnah, alikuwa mmoja wa hao kumi na wawili.

Mwenyekiti wao alikuwa Mama Bitutu. Na hapa ndipo mradi ulipopata utaratibu wake wa pekee, kwa sababu Mama Bitutu ndiye aliyemzaa mke wa Bwana Ombui. Kwa Abagusii, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na jina la mama mkwe halitoki kinywani mwa mkwe hata akiota. Heshima hiyo ndiyo chinsoni, na mwenye kuivunja anajua atakavyotazamwa na ukoo mzima. Kwa hiyo shughuli zote kati ya ofisi na kikundi zilipitia kwa Mtandao. Bwana Ombui alikaa ndani amelipa dirisha mgongo, Mama Bitutu alikaa nje kwenye benchi ameipa ofisi mgongo, na Mokeira alisimama mlangoni akibeba maneno kutoka upande huu hadi upande ule, ingawa ukuta ulikuwa wa mabati na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

"Mokeira, mwambie mheshimiwa mwenyekiti vipande vimepanda."

"Mwenyekiti, vipande vimepanda."

"Mwambie mheshimiwa tumesikia. Vimepanda mpaka wapi?"

Kila mwenye akaunti alikuwa na neno lake la siri. Bwana Ombui aliweka kanuni juu ya jambo hilo, kwa kuwa aliweka kanuni juu ya kila jambo, ishirini na mbili kwa jumla, zikawekwa kwenye fremu ya kioo. Neno la siri liliandikwa mara moja tu, likatiwa bahasha, bahasha ikafungwa kwa lakiri na kufungiwa kwenye sefu ya Yashwant. Baada ya hapo, kuliandika popote ni kosa. Kununua vipande hakukuhitaji neno. Kuuza ndiko kulikohitaji: mwenye akaunti alitamke kwa sauti, mara tatu, kwa kinywa chake, mbele ya Kamati ya Kuuza, kisha Mtandao alibebe kichwani hadi mjini, Swati afungue bahasha na kulinganisha. Mokeira aliona ni utaratibu mzuri. Siri ilijulikana na watu wanne au watano tu.

Siku ya kufunga bahasha, Bwana Ombui aliandika lake huku akitabasamu, akailamba gundi kwa ulimi taratibu kama mtu anayeonja asali.

"Siri nzuri, Mokeira," alisema, "ni neno ambalo mtu hawezi kulitoa kinywani mwako hata akikuweka kwenye moto."

Mwezi wa Agosti habari zilifika kwamba Ogeto wa Suneka anauza mashine yake ya kusaga. Alikuwa ameamua kuingia biashara ya mawe ya Tabaka, kununua vinyago na kuwauzia wenye malori. Mashine ilikuwa nzima, ya dizeli, na bei ilikuwa ileile ya vipande vya egesangio, kana kwamba Mungu alipanga. Wanawake wa Manga walikuwa wakishuka mlima na debe la mahindi kichwani, na kuupanda tena na unga. Esnah alikuwa na maumivu ya shingo ambayo hayakutoka tena. Walikubaliana siku hiyohiyo. Wauze vipande, wanunue mashine.

Mokeira aliingiza ombi lao katika Daftari la Wauzaji. Lilikuwa nambari moja.

Bwana Ombui alilitazama ombi hilo kama mtu aliyekuta konokono kwenye sukuma wiki. Alieleza, kupitia mlangoni, kwamba ombi limepokelewa kwa furaha. Kwamba hata hivyo Kamati ya Kuuza bado haijateuliwa. Kwamba kamati itateuliwa mara tu itakapopata kazi ya kufanya, na kazi ya kufanya itapatikana mara tu kamati itakapokuwepo. Kwamba kuuza ni dalili ya kukosa imani, na Nairobi wameandikiwa kwamba Manga ina imani asilimia mia moja.

Wanawake walirudi Jumatatu, wakarudi Alhamisi, wakarudi Jumatatu ya pili. Ogeto alituma mtu kusema kwamba kuna watu wa upande wa Kisii wanaitaka mashine, wamekuja na pesa mkononi, naye anawashikilia kwa sababu ya undugu, lakini undugu una mwisho wake, na mwisho wake ni Jumapili ya tarehe tano Septemba, jioni.

Nyumbani, Esnah hakumlaumu binti yake. Alimwekea ugali, akaketi upande mwingine wa jiko, akasugua shingo. Nyaboke, mdogo kuliko wote katika kikundi, ndiye aliyesema njiani, bila kumtazama mtu, kwamba mkebe ulikuwa na tabia moja nzuri: ukitaka kuufungua, hauulizi neno. Mokeira alisikia. Alikuwa na miaka ishirini, na aliona kwamba akishindwa katika jambo hili hatapewa tena kitu kubeba na mtu yeyote wa Manga, hata kibiriti.

Kisha barua ikaja kutoka makao makuu. Mokeira ndiye aliyeibeba kutoka mjini, na Bwana Ombui aliisoma amesimama, kisha akaisoma amekaa. Kwa kutambua imani ya asilimia mia moja, alikuwa amepandishwa cheo. Angekuwa Mratibu wa Taifa, Nairobi, chumba chenye zulia, dereva, na simu mbili. Aripoti Jumatatu ya tarehe sita. Ila kwa sharti moja dogo: aje na hati ya kuonyesha hana akaunti binafsi katika mradi aliousimamia.

Ilikuwa Jumatano. Bwana Ombui alifungua Daftari la Wauzaji akajiandikisha. Akawa nambari mbili.

Aliangalia nambari moja kwa muda mrefu. Alichukua kifutio, akakirudisha. Kurasa za daftari zilihesabiwa na kugongwa muhuri na yeye mwenyewe, na kufuta ndani yake kulikuwa kosa la kanuni ya tatu. Zaidi ya hayo, kikao cha kamati kilipigwa muhuri mara moja tu, mwishoni, kwa wauzaji wote wa siku hiyo kwa pamoja. Hakuna aliyeuza mpaka wote wamalize kusikizwa. Kanuni hiyo aliiweka ili watu wasiondoke mapema kwenye mikutano.

"Mokeira," alisema, "andika. Kamati ya Kuuza imeteuliwa. Itakaa kesho asubuhi."

"Wajumbe ni nani, mheshimiwa?"

Kanuni ilitaka wenye akaunti watatu au zaidi. Wenye akaunti wa Manga walikuwa yeye na wanawake kumi na wawili. Bwana Ombui aligusa tai yake. Akasema basi na wawe hao, ila amwambie mheshimiwa mwenyekiti asijisumbue kuja mwenyewe, kwa umri wake, na njia ina matope. Mokeira alipeleka. Mama Bitutu alijibu kwamba amshukuru sana mheshimiwa, mbuya mono, na kwamba matope ya Manga wamezoeana.

Alhamisi saa tatu kamili, wote walikuwa ndani ya ofisi, kwa kuwa kanuni ilitaka neno litamkwe mbele ya kompyuta. Chinsoni ilihifadhiwa kadiri chumba kilivyoruhusu. Wanawake walijaa kwenye mabenchi wakiangalia mlango. Mama Bitutu alikaa mbele yao, leso imefunika kichwa mpaka karibu na pua. Bwana Ombui alikaa nyuma yao, uso kwenye kona, kama mwanafunzi aliyechelewa. Mokeira aliketi mezani na daftari, kidau cha wino na muhuri.

"Nambari moja. Kikundi cha egesangio."

Mama Bitutu alisimama. "Jembe," alisema. "Jembe. Jembe." Akakaa. Wanawake walicheka kidogo; tangu Machi walikuwa wamelichunga neno hilo kama yai.

"Nambari mbili. Bwana Ombui, kwa akaunti yake binafsi."

Bwana Ombui alisimama. Alikohoa. Akasema kwamba neno lake la siri ni, na hapo akanyamaza. Mvua ilianza kudondoka juu ya mabati, moja moja. Alikohoa tena. Alitoa kitambaa akajifuta shingo.

"Labda ni refu," alisema Nyaboke.

"Ama ni la Kiingereza," mwingine akasema.

"Mokeira mwanangu," alisema Mama Bitutu akiutazama mlango, "mwambie mheshimiwa kamati inasikiliza."

"Mheshimiwa, kamati inasikiliza."

"Mwambie mheshimiwa mwenyekiti," sauti ya Bwana Ombui ilitoka kwenye kona, "kwamba ningependa kuliandika."

Mokeira alimkumbusha kwamba kuandika ni kosa, kanuni ya sita, na adhabu yake ni akaunti kufungwa mwaka mmoja. Akaomba basi kanuni ibadilishwe. Akakumbushwa kwamba mabadiliko hutangazwa siku kumi na nne kabla, kwenye kituo cha chai, kanisani na kwa chifu. Bwana Ombui alifikiri, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyepata njia kwamba basi kikao kiahirishwe mpaka Jumanne. Yeye atashuka mjini apige simu Nairobi waongeze siku chache.

Hapo hakuna aliyecheka. Jumanne mashine ingekuwa inasagia watu wengine. Mokeira alimtazama mama yake. Esnah alikuwa ameinamisha kichwa, mkono umeshika shingo, na hakuinua macho kumwomba kitu.

Mokeira alikuwa na tabia ya kutazama mtu mpaka amwelewe, na sasa alimtazama Bwana Ombui. Alijiuliza ni neno gani mtu mzima wa Manga anaweza kushindwa kulitamka. Jina la Mungu alilitaja kila baraza. Matusi aliyataja kila siku ya mvua. Jina la waziri alilitaja hata pasipo haja. Aliitazama ile shingo iliyolowa, akaitazama leso ya Mama Bitutu iliyozidi kushuka kidogo kidogo, na mabega ya yule mama chini ya leso, ambayo sasa yalikuwa yakitikisika polepole. Akaelewa. Akaona pia kwamba mwenyekiti alielewa kabla yake. Mtu alikuwa ametafuta mahali salama kuliko pote katika Gusii nzima, akaificha pesa yake hapo, na sasa ilikuwa salama hata dhidi yake mwenyewe.

Mokeira alimhurumia. Lakini huruma haisagi mahindi.

Alikuwa ameziandika kanuni zile kwa mkono mara tatu, nakala za chifu, za Nairobi na za Yashwant, kwa kuwa ofisi haikuwa na mashine ya kunakili. Hakuhitaji kuinuka kwenda kwenye fremu.

"Kuahirisha hakuna haja, mheshimiwa. Kanuni ya kumi na nne. Mwombaji akiitwa mara tatu asitamke neno lake, atahesabiwa kuwa hayupo, na kikao kitaendelea."

"Nani aliandika hiyo?"

"Sahihi ni yako."

Mvua ilikuwa imekolea. Mokeira alinyoosha mgongo akaita, kama alivyoona makarani wa mahakama wakiita. Bwana Ombui. Kimya. Bwana Ombui. Kwenye kona palisikika herufi moja, b, ikaja mpaka kwenye midomo ikarudi. Bwana Ombui. Wanawake kumi na wawili walitazama mlango kwa adabu, kana kwamba huenda akaingia.

Mokeira alichovya kalamu, akaandika: *Nambari mbili. Hayupo.*

"Lakini mimi niko hapa," alisema Bwana Ombui.

"Mokeira," alisema Mama Bitutu, "ni kama nasikia mtu."

"Kanuni ya kumi na tano, mwenyekiti. Asiyekuwepo haruhusiwi kuchangia."

"Ni kanuni nzuri," alisema Mama Bitutu. "Mtu aliyeiandika alikuwa na akili."

Muhuri ulishuka. Mokeira alikunja nakala ya kumbukumbu ndani ya mfuko wa nailoni, akautia kifuani, akavua viatu, akateremka mlima.

Hakuwahi kushuka hivyo. Pale penye mawe alipita kwa makalio. Alifika dukani matope mpaka magotini, na Yashwant alikuwa kwenye simu. Arusi ya Nakuru ilikuwa imefika kwenye chakula. Mokeira alisimama kati ya ndoo akidondosha maji, akihesabu sufuria, mpaka Swati alipokwenda kumnong'oneza babake kitu, na Yashwant akamwambia Urmila, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba atampigia baadaye.

Kompyuta ilipiga kelele. Swati alizungumza nayo. Alivunja lakiri ya bahasha ya kwanza, akasoma, akamtazama Mtandao.

"Jembe," alisema Mokeira.

Vipande viliuzwa. Yashwant aliandika hundi ya mradi bila hata kuangalia kitabu, maana akiba ya kuwalipa wauzaji ilikaa kwake tangu Machi na hakuna aliyewahi kuigusa. Swati aliinua bahasha ya pili, akaipima kwa mkono.

"Na huyu?"

"Mwenyewe hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Yuko ofisini," alisema Mokeira.

Ijumaa hundi ilibadilishwa benki. Jumapili mchana Ogeto alihesabu pesa, akazihesabu tena, akakabidhi mashine pamoja na kopo la mafuta na ushauri usioombwa. Ilipandishwa Manga kwa trekta, na Jumatano Esnah alisaga debe lake la kwanza bila kushuka mlima. Kikundi kilimchagua Mokeira awe karani wa mashine kuanzia mwezi ujao. Kwa sasa alikuwa bado na wiki tatu za serikali, naye hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu.

Tarehe sita Bwana Ombui, bila hati, hakwenda Nairobi; kumbukumbu za kikao ndizo zilizokwenda, kama kanuni ilivyotaka. Nairobi walizisoma. Hawakuelewa habari za vipande, lakini walielewa vizuri sana mstari unaosema kwamba Mratibu wa Tarafa, Alhamisi, siku ya kazi, saa tatu asubuhi, hakuwepo. Waliandika kuuliza. Bwana Ombui alijibu kwamba alikuwepo. Wakajibu kwamba kumbukumbu zina muhuri na barua yake haina. Athibitishwe kuwepo na kamati ileile, wenye akaunti watatu au zaidi. Wanawake wa egesangio hawakuwa tena na akaunti. Katika Manga nzima mwenye akaunti alibaki mmoja, naye ndiye aliyehitaji kuthibitishwa.

Siku ya mwisho ya mwezi, tarishi wa serikali aitwaye Abner alifika kwa baiskeli, amebeba barua ya rejista na daftari la sahihi. Mokeira alikuwa akipangusa kompyuta. Bwana Ombui alikuwa mezani, tai imefungwa, na mbele yake kikombe cha chai ambacho Mokeira alikuwa ametoka kumimina. Aliinuka akanyoosha mkono kupokea.

Abner alisema apewe kwanza ruhusa kidogo. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na sita kazini, na huko alikotoka walimwonya kwamba kuna suala. Akamgeukia Mokeira. "Dada, Bwana Ombui yupo?"

Mokeira hakutaka kujibu kwa maneno ya kichwani mwake tu. Alifungua daftari ukurasa wa mwisho uliopigwa muhuri, akaligeuza Abner asome. Abner alisoma kidole kikifuata mstari. Alisoma mpaka kwenye muhuri, akaukaribia, akauona ni muhuri halisi.

"Ni mimi," alisema Bwana Ombui. "Abner, si unanijua? Ulikula kwangu Krismasi."

Abner alimtazama kwa huruma ya kweli. Alisema hilo hakatai, na nyama ilikuwa laini, lakini barua ya rejista hukabidhiwa aliyepo, na yeye amebakiza miaka minne apate pensheni. Akairudisha barua mkobani akafunga kishikizo.

"Akifika," alimwambia Mokeira, "mwambie aje Kisii aichukue. Asikawie, nasikia ni ya mshahara."

Kisha, kwa kuwa mlima ulikuwa umemkausha koo, na kwa kuwa kikombe kile mezani kilikuwa kinafuka na rasmi hakikuwa na mwenyewe, alivuta kiti akaketi, akakinywa chote.